Ndugu wawili, chandarua kimoja: kwa nini mmoja tu ndiye anayeugua?

Ndugu msomaji, chukua mfano wa nyumba moja pale Msata, penye njia panda ya barabara ya Bagamoyo na ile iendayo Segera. Watoto wawili, baba mmoja, mama mmoja. Wanalala chandarua kimoja na kula sahani moja. Mkubwa akishikwa na malaria, baada ya siku tatu yuko uwanjani anacheza. Mdogo kila mwezi yuko zahanati: leo homa, kesho vidole vimevimba, keshokutwa anaongezewa damu.

Majirani wananong'ona. Huyu anasema ni kijicho, yule anasema mama hajui kulea. Mume naye anasikia, na ndoa inaanza kutikisika. Kabla ya kufika huko, ni vyema tukaijua damu ya watoto wetu.

Siri iliyogunduliwa kwetu

Mwaka 1949, Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na akisomea udaktari Uingereza, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya. Aliona jambo la ajabu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, watu wengi walibeba chembechembe za urithi za selimundu, ugonjwa wa seli mundu. Katika nyanda za juu zenye baridi walikuwa wachache mno. Akajiuliza: kwa nini kitu kinachodhuru kijae pale pale penye mbu wengi? Mwaka 1954 alitangaza jibu: anayebeba urithi huo kwa upande mmoja hupata kinga dhidi ya malaria.

Utafiti wa miaka mingi huko Kilifi umethibitisha hilo. Mtoto wa namna hiyo hupungukiwa na hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 90. Kijidudu cha malaria kikiingia katika chembe zake nyekundu hakistawi vizuri, na chembe hizo huondolewa mapema na wengu. Hata hivyo anaweza kuugua malaria ya kawaida, hivyo chandarua asiache.

Wala si selimundu peke yake. Watu wa kundi la damu O nao wana nafuu mbele ya malaria kali. Huko huko Kilifi imeonekana damu ya aina iitwayo Dantu, ambayo ngozi ya chembe zake imekaza kiasi kwamba kijidudu hupata taabu kupenya.

Kinga ikizidi inakuwa maradhi

Kila mtoto hurithi sehemu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Akipata selimundu upande mmoja huitwa AS, naye huwa mzima. Akipata pande zote mbili huitwa SS, na huyo ndiye mgonjwa. Wazazi wote wawili wakiwa AS, katika kila mimba kuna uwezekano wa robo kuzaliwa SS, nusu AS, na robo AA. Ndiyo maana katika nyumba yetu ya mfano mkubwa ana nafuu na mdogo anateseka. Wazazi wote wawili wamechangia sawasawa, basi mama asibebeshwe lawama peke yake.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Wengu wao huharibika mapema, na wengu ni mlinzi dhidi ya bakteria. Kilifi ilionekana kuwa hatari ya bakteria kuingia katika damu yao ni zaidi ya mara 20 ya watoto wengine. Malaria nayo, ikiwapata, huwamaliza damu haraka.

Tufanye nini?

Dalili huanza kuonekana baada ya miezi sita hivi: viganja na nyayo kuvimba, macho kuwa ya manjano, upungufu wa damu, na maumivu ya mifupa. Ukiziona, omba kipimo kinachoonyesha kama mtoto ni AA, AS au SS.

Akithibitika kuwa SS, apewe penisilini kila siku hadi miaka mitano kama daktari atakavyoelekeza. Asikose chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, 10 na 14. Alale ndani ya chandarua chenye dawa, anywe maji mengi, asipigwe na baridi. Homa yoyote kwake ni dharura: usingoje kuche, mpeleke hospitali. Muulize daktari pia kuhusu haidroksiurea, dawa inayopunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu.

Kwa vijana wanaotarajia kufunga ndoa, hasa binamu kwa binamu ambao huenda wamerithi kwa babu mmoja, wapime kwanza. Kupima si kuvunja posa, bali ni kuingia katika ndoa mkijua.

Kumsomea mtoto dua ni jambo jema, na kutafuta tiba ni katika kutekeleza amana tuliyopewa. Basi tusichelewe.