Theluji Iko Nyumbani: Kutoka Sigalagala Hadi Naro Moru kwa Kombi

WATU wengi huiona theluji katika picha za Ulaya tu, ilhali ipo hapa hapa Kenya. Mume na mke wenye kombi na siku nne za mapumziko wanaweza kwenda kujionea, hata wakiwa wanatoka mbali kama Sigalagala, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu.

Ondoeni viti vya nyuma, tandikeni godoro, na kombi itakuwa nyumba yenu. Shikeni njia ya Kisumu hadi Chavakali, mkate kushoto kuelekea Kapsabet, kisha Eldoret. Kutoka hapo barabara hupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, ambako hata mchana mtatafuta sweta. Laleni Nakuru. Kesho yake pitieni Nyahururu, mtazame maporomoko ya Thomson, halafu mfuate njia ya Nyeri hadi Naro Moru, mji mdogo ulio magharibi mwa Mlima Kenya.

Amkeni kabla ya jua kuchomoza. Wakati huo mlima huwa haujajifunika, na vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion huonekana vizuri, weupe ukiwa umejibanza kati ya mawe meusi. Kufikia saa nne hivi, mara nyingi mawingu huwa yamekwisha kuuficha. Januari na Februari ni miezi mizuri ya kwenda.

Kwa nini kuna theluji Ikweta?

Mwanafunzi atauliza: Sigalagala na Mlima Kenya zote ziko karibu na Ikweta, mbona huku ni migomba na kule ni theluji? Jibu ni urefu. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kwa kadiri ya digrii 6. Sigalagala iko yapata mita 1,500 juu ya bahari. Batian imeipita kwa karibu mita 3,700, yaani joto limeshuka zaidi ya digrii 20.

Jihadharini na jiko

Baridi ya usiku isiwashawishi kuingiza jiko la makaa ndani ya gari. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na wanaolala wamejifungia nayo huenda wasiamke. Pikeni nje, mjifunike mablanketi mazito, na dirisha liachwe wazi kidogo. Mkitaka kupanda mlima kwa miguu, msiharakishe. Mwenda pole hajikwai. Kichwa kikigonga na kutapika kukianza, dawa ni kuteremka mara moja.

Haitatungoja

Mwaka wa 1899, Mwingereza Halford Mackinder na wenzake wawili walipofika kileleni Batian, mlima ulikuwa na mito 18 ya barafu. Leo imebaki michache. Ule wa Lewis, uliokuwa mkubwa kuliko yote, ulipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na wa Gregory umetoweka kabisa. Theluji mpya bado huanguka, lakini haikawii kuyeyuka. Inayokwisha ni ile barafu ya kudumu.

Mtoto anayeanza shule leo huenda asiikute atakapokuwa mtu mzima. Kama safari hii imo katika mipango ya nyumba yenu, msiiahirishe mwaka hadi mwaka.