Safari ya Mbali kwa Ndege Ndogo (Sehemu ya Tatu): Waliovunja Vichuguu

Mwanzoni mwa Julai 2019, ndege ndogo ya viti vinne aina ya Sling 4 ilitua Cairo ikitokea Cape Town. Ilikata kilomita 12,000 kwa wiki tatu. Walioiunganisha kwa mikono yao, kipande kwa kipande, ni vijana 20 wa Afrika Kusini, na kiongozi wao, Megan Werner, alikuwa binti wa miaka 17. Njiani walitua Namibia, Malawi, Uganda, Ethiopia, na hapa kwetu Unguja. Barazani Mpendae habari hiyo ilizungumzwa jioni moja tu, kisha ikamezwa na mpira wa AFCON, uliokuwa ukichezwa huko huko Misri.

Jioni hiyo moja ilitosha kuzaa swali: binti mdogo kama yule kaupata wapi moyo? Naona swali limeanzia mkiani. Moyo wanao wengi. Vijana wetu wa bodaboda wanao hata wa kugawa. La kuuliza ni hili: kabla magurudumu hayajaacha ardhi, nani alikwisha kufanya nini?

Wasomaji wa sehemu mbili zilizotangulia wanajua namna bawa linavyoibeba ndege, na namna ramani ya anga inavyosomwa. Leo ni zamu ya mipango. Naomba nianzie mwaka 1919, kwa sababu njia ya Cape hadi Cairo ilifyekwa na watu ambao hakuna anayewataja.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Wizara ya Anga ya Uingereza ilitaka njia ya ndege ya kulipasua bara hili kutoka kaskazini hadi kusini. Ilikuwa ile ile ndoto ya Cecil Rhodes ya reli ya Cape hadi Cairo, safari hii imepandishwa angani. Ndege za zama zile hazikukaa hewani muda mrefu, na injini zake hazikuaminika. Basi kwanza zikatumwa timu tatu za wapimaji, na kwa muda mfupi zaidi ya viwanja 40 vikatayarishwa, Kisumu, Tabora, Abercorn (ndiyo Mbala ya leo), Ndola, hadi kusini kabisa.

Msomaji aliyezaliwa visiwani huenda asitambue uzito wa neno “kutayarishwa”. Bara, kwenye nchi ya miombo, kichuguu cha mchwa huweza kupita kimo cha nyumba, na kipenyo chake kikala nafasi ya nyumba hiyo hiyo. Ndege haiwezi kutua penye kichuguu kimoja, seuze mamia. Wenyeji wakakusanywa kwa amri za serikali za kikoloni, wakakata miti, wakang'oa visiki, wakavibomoa vichuguu na kuuondoa udongo wake kwa nguvu za mikono na migongo yao.

Halafu ndipo walipokuja mashujaa. Tarehe 4 Februari 1920, marubani Pierre van Ryneveld na Quintin Brand waliondoka Uingereza na ndege ya Vickers Vimy waliyoiita Silver Queen. Ikavunjika Korosko, huko Nubia. Wakapewa Vimy ya pili. Nayo ikaanguka Bulawayo tarehe 6 Machi, ilipokuwa ikijaribu kuruka. Wakaletewa ya tatu, aina ya DH.9, ndiyo iliyowafikisha Cape Town tarehe 20 Machi. Kila mmoja akatunukiwa pauni 5,000 na cheo cha Sir. Vimy nyingine, iliyokodiwa na gazeti la The Times na kumbeba mtaalamu wa wanyama Peter Chalmers Mitchell, ilikuwa imekwisha kuangukia Tabora tarehe 27 Februari, na safari yake ikakatikia pale.

Ndege tatu zimevunjika, na vitabu vinatuhadithia kila msumari wake. Majina ya marubani yapo, jina la ndege lipo, hata kazi ya abiria ipo. Ya watu waliovunja vichuguu vya Tabora hayapo. Huu si usahaulifu. Ni mazoea ya kumhesabu anayeonekana na kumwacha aliyemwezesha aonekane, nasi tumeyarithi mazoea hayo mazima mazima.

Anguko la Bulawayo lina funzo kwa mwenye ndege ndogo leo. Mji ule uko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua likiipasha inazidi kuwa nyepesi: bawa hupata hewa pungufu ya kushika, injini hupata hewa pungufu ya kuvuta, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili iruke. Unguja tuko usawa wa bahari. Dodoma iko kwenye mita 1,100 hivi, Tabora karibu 1,200. Mzigo ulioinuka bila shida Kisauni, uwanjani kwetu Unguja, asubuhi unaweza kugoma kuinuka Dodoma saa nane mchana. Kwa hiyo ruka alfajiri, au shusha mizigo.

Tuseme unakwenda Kigoma kwa Cessna 172. Unguja hadi Dodoma ni kama kilomita 380, Dodoma hadi Tabora 345, Tabora hadi Kigoma 350. Kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa ni zaidi ya saa tano, na injini hunywa lita kama 35 kila saa. Juu ya hapo kanuni za kimataifa zinadai akiba ya dakika 30 kwa anayeruka mchana kwa kuona kwa macho. Mwenye busara huweka saa nzima. Sasa utajaza wapi? Injini ya pistoni ya kawaida inataka petroli maalumu ya ndege, na viwanja vingi vya Afrika vina mafuta ya jeti tu. Vijana wa Sling walisumbuka kupata petroli hiyo Addis Ababa, mojawapo ya vituo vikubwa vya usafiri wa anga barani. Piga simu kwanza, ahidiwa, kisha piga tena.

Vibali navyo viombwe mapema. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga lake, kwa hiyo kila mpaka una mlango wake, uhamiaji wake na forodha yake.

Hali ya hewa ndiyo ya kuisubiri kwa adabu. Njia ya kurukia ya uwanja wetu imelala kaskazini na kusini, nasi Mpendae tuko kaskazini yake. Ndege hutua na kuruka ikiukabili upepo. Ndiyo maana msimu wa kusi, upepo unapovuma kutoka kusini, kwa kawaida tunaziona zikishuka upande wetu. Kaskazi ikiingia, zitakuwa zinapanda. Mtoto wa Mpendae anaweza kujifunza misimu kwa kutazama juu, lakini nani anamwonyesha? Manahodha wa visiwa hivi walingoja miezi upepo ugeuke, na hakuna aliyewaita waoga. Leo kijana akiahirisha safari kwa siku moja anachekwa.

Binti Megan anastahili pongezi zote alizopata. Lakini shule zetu zikimtumia kama mfano, na zisimsifu kwa moyo peke yake. Wanafunzi wapewe ramani, rula na hesabu ya mafuta, wapange safari ya Kigoma mezani, na pembeni waorodheshe kila mtu ambaye bila yeye haifiki: mjaza mafuta, mtabiri wa hali ya hewa, mwongozaji wa mnarani, mfagiaji wa njia ya kurukia. Orodha hiyo itakuwa ndefu kuliko majina ya walioketi ndani ya ndege, na anayeona imezidi urefu bado hajawa tayari kuondoka.

Sehemu ya nne, Inshaallah, itahusu dira na namna upepo wa ubavuni unavyompoteza rubani asiyepiga hesabu.