Karatasi ya kuungua kwenye kompyuta: namna ya kuitengeneza, na mahali isipofaa



Tarehe 14 Mei inapokaribia, tunawakumbuka watu wa Katogota waliouawa mwaka 2000, wakati wa vita. Kijana anayetengeneza afishi ya ibada ya namna hiyo anapenda mara nyingi kuweka maneno juu ya karatasi ya zamani iliyoungua pembeni. Tueleze kazi hiyo, kisha tuseme mpaka wake.

Kwanza angalia moto wenyewe. Haukati karatasi kama makasi. Ukingo unabaki mweusi na wa kumegekamegeka. Unafuata ukanda wa kahawia nzito, halafu unjano unaopotea polepole kuelekea katikati. Ukifuata mpangilio huo wa rangi, jicho litakubali.

Tumia GIMP, programu ya bure iliyotoka mwaka 1996. Ukishaiweka haihitaji intaneti.

1. Fungua picha mpya. Kwa A4 ya kuchapisha, weka pikseli 2480 kwa 3508.
2. Ongeza tabaka (kwa Kifaransa, calque) na ulijaze rangi ya krimu.
3. Juu yake weka tabaka la mawingu ya kijivu, ulififishe mpaka yafanane na madoa ya unyevu. Unganisha hayo mawili, kisha ficha tabaka la chini kabisa.
4. Kwa chombo cha kuchagua kwa mkono, zungusha mstari usionyooka karibu na ukingo. Geuza uchaguzi, futa sehemu ya nje, kisha ondoa uchaguzi.
5. Funga sehemu tupu za tabaka ili rangi isimwagike nje. Pitisha brashi laini, pana, ya kahawia hafifu. Kisha nyembamba zaidi, ya kahawia nzito. Mwisho nyeusi, kwenye ukingo tu.
6. Andika maneno kwenye tabaka lake peke yake. Hifadhi faili ya XCF kwa masahihisho, na PNG kwa kutuma.

Sasa mpaka. Usipitishe moto huo juu ya jina la mtu hata mmoja. Mama anayesoma afishi anatafuta jina la mtoto wake. Alikwisha kumpoteza mara moja.

Tena, usiuweke kamwe juu ya picha ya barua, daftari la ubatizo au orodha ya wafu. Karatasi ya namna hiyo ni shahidi. Ukiiongezea uzee na moto ambao haikuupata, umeitia uongo mdomoni, na anayetaka kukana yaliyotokea atasema: hata hii ilitengenezwa kwenye kompyuta. Piga picha ya karatasi ilivyo, andika tarehe, mahali na aliyeitoa, weka nakala mbili sehemu mbali mbali, na usiiguse tena. Mapambo yabaki kwenye afishi.

Katika Yeremia 36, mfalme Yehoyakimu alikata kitabu cha nabii kwa kisu, kipande kwa kipande, akakitupa motoni. Mungu hakumwagiza Yeremia atunze majivu. Alimwagiza atwae kitabu kingine, na Baruku akaandika tena maneno yote, na mengine mengi yakaongezwa.

Kijana mwenye kompyuta kanisani, kazi yako ni ile ya Baruku. Moto unaweza kuuchora kwa saa moja. Majina yaandike taratibu, ukiketi karibu na wazee wanaoyakumbuka, kabla nao hawajaondoka.