Je, Wajua? Chapa Ndogo ya Kiungani

Je, wajua kwamba Mwalimu Nyerere alipotoa tafsiri yake ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, kisa hicho kilikuwa kimeshapigwa chapa kwa Kiswahili miaka 102 kabla yake? Kilitoka Unguja mwaka 1867, ndani ya kijitabu kilichoitwa Hadithi za Kiingereza. Edward Steere alikuwa ametafsiri visa vinne vya Shakespeare kutoka masimulizi ya Charles na Mary Lamb, cha Mfalme Lear kikiwamo.

Je, wajua mwenye mtambo uliokichapa kijitabu hicho alikuwa nani? Ni misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa herufi zake, UMCA, iliyoanzishwa baada ya David Livingstone kuwahutubia wasomi wa Cambridge mwaka 1857. Askofu William Tozer na Steere walifika Unguja Agosti 1864. Steere alikuwa na shahada ya udaktari ya sheria kutoka Chuo Kikuu cha London.

Na je, wajua mikono iliyopanga herufi ilikuwa ya nani? Hapa ndipo ningependa msomaji atulie kidogo. Sultani Majid aliwakabidhi wamisionari wavulana watano waliokuwa wamekamatwa katika jahazi la watumwa. Ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi mwaka 1879. Wengine waliokombolewa wakafuata, shule ikakua huko Kiungani, na miongoni mwa kazi walizofundishwa vijana hao ilikuwamo ya kupiga chapa.

Si kazi nyepesi. Kila herufi ni kipande cha risasi kilichosubiwa kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo. Mpangaji huokota kimoja kimoja, hujenga mstari, hukaza ukurasa, hupaka wino, hugandamiza karatasi; kisha huzirudisha herufi zote mahali pake ili ukurasa wa pili uanze. Tena seti iliyopimwa kwa Kiingereza huja na e tele, ilhali Kiswahili hakishibi a. Mtoto aliyeletwa pwani kama shehena akaishia kupanga maneno ya Mfalme Lear kwa vidole vyake. Tunayataja sana majina ya watafsiri. Ya wapangaji hao hatuyataji inavyostahili. Owen Makanyassa, mmoja wa waliofanya kazi katika chapa hiyo, anastahili kukumbukwa.

Je, wajua kwamba Unguja ilikuwa na mtambo mwingine? Sultani Barghash alikuwa na wake kwenye miaka ya 1880, ukichapa vitabu vya dini vya Kiibadhi kwa Kiarabu. Kisiwa kimoja, mitambo miwili, hati mbili. Ni Barghash huyohuyo aliyetoa saa ya mnara wa kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa.

Agano Jipya la Steere lilikamilika 1879. Yeye alifariki Agosti 1882 na kuzikwa nyuma ya altare ya kanisa hilo la Mkunazini. Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka 1891.

Je, wajua kwamba gazeti la Msimulizi lilianza Kiungani mwaka 1888? Ni kati ya magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili, likisheheni habari kutoka vituo vya misheni.

Je, wajua kwamba lahaja ya vitabu hivi ndiyo iliyotangulia mbele? Johann Ludwig Krapf alikuwa ameandika Kimvita cha Mombasa. Steere alishika Kiunguja, na Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa 1928. Kamati ya Lugha ikaanza kazi 1930. Sisemi chapa ya Kiungani peke yake ndiyo iliyoamua. Lakini waamuzi walipoketi, vitabu vya Kiunguja, pamoja na kamusi za A. C. Madan wa misheni hiyohiyo, vilikuwapo.

Mwisho, ninaloliona zuri kuliko yote. Je, wajua kwamba kimojawapo cha vitabu vikuu vya historia ya Usambaa kiliandikwa na Mwislamu na kuchapwa na mtambo wa Wakristo? Abdallah bin Hemedi aliandika Habari za Wakilindi: jinsi Mbegha mwindaji alivyofika milimani, akatawala, na ukoo wake ulivyoendelea hadi kugawanyika. Kituo cha UMCA hiyohiyo huko Magila kilikichapa kwa sehemu, kuanzia 1895 hadi 1907. Hakikuwa kitabu cha sala wala cha mahubiri. Mwaka 1962 J. W. T. Allen alikihariri upya na kikachapishwa tena Nairobi, na wanahistoria wa Usambaa wanakitumia hadi leo.