"Mass" na "Mass": Majina Mawili Yasiyo na Undugu

Wengi wetu tunasoma falsafa na teolojia kwa Kiingereza, kisha tunaeleza kwa Kiswahili parokiani. Humo tunakutana na "mass". Tahajia ni moja na matamshi ni yaleyale, lakini ni majina mawili yenye asili tofauti.

La kwanza ni Misa. Kiingereza na Kiswahili vimelipata kutoka Kilatini "missa", lenye mzizi wa kutuma na kuaga, kwa kuwa waamini huagwa mwishoni mwa adhimisho. Mara nyingi huandikwa kwa herufi kubwa, na husemwa bila "a" wala "the": "to celebrate Mass". Hivyo "Mass intentions" ni nia za Misa.

La pili linatoka Kilatini "massa", yaani donge, lililotokana na neno la Kigiriki la mkate wa shayiri. Ndilo tungamo la fizikia. Ndilo pia lenye maana ya wingi: "the masses" ni umma, "mass media" ni vyombo vya habari, "mass grave" ni kaburi la halaiki.

Kuyachanganya kuna madhara. Mtakatifu Augustino aliandika juu ya "massa damnata", na vitabu vya Kiingereza husema "mass of perdition". Frateri akitafsiri "Misa ya upotevu", ameigeuza sala kuu ya Kanisa kuwa laana. Augustino alimaanisha wanadamu wote kama donge moja lililoharibiwa na dhambi ya Adamu, akifuata mfano wa mfinyanzi na udongo katika Warumi sura ya 9.

Vilevile, mama wa jumuiya akituletea karatasi ya hospitali iliyoandikwa "a mass in the breast", neno hilo ni uvimbe. Peke yake halisemi kama ni saratani. Hilo hujulikana kwa vipimo. Tusimtishe, wala tusimwambie ni jambo dogo. Tumhimize arudi kwa daktari mapema.

Mwisho, tujihadhari na kishawishi cha kuhubiri kwamba Misa maana yake ni mkate, eti kwa sababu ya ule mkate wa shayiri. Yanapendeza masikioni, ila si kweli. Fumbo la Ekaristi halihitaji kupambwa kwa asili ya neno jingine. Tukiwa na shaka, tufungue kamusi kabla ya kupanda mimbarini.