Baada ya Windows 10: Kompyuta ya Nyumbani na Kazini Ishikwe na Mfumo Gani?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifunga rasmi huduma ya Windows 10, mfumo uliotolewa Julai 2015 na ambao kwa miaka kumi ulikuwa ndio kompyuta yenyewe machoni pa watu wengi, kwa kuwa waliukuta umekwishawekwa siku waliponunua mashine zao na hawakuwahi kuulizwa kama wanautaka. Kompyuta hizo hazikuzimika siku hiyo. Kesho yake ziliwaka, zikachapa barua na kupiga hesabu kama kawaida. Kilichobadilika ni kwamba tundu lolote la usalama litakalogunduliwa baada ya tarehe hiyo halitazibwa kwa utaratibu uliozoeleka, na kwa sababu hiyo swali lililokuwa la mafundi na wapenda mashine, yaani mfumo gani uwe mkuu katika kompyuta ya nyumbani au ya ofisini, limewabishia hodi hata watu ambao hawakuwahi kuwa na haja nalo.

Mfumo endeshi ni programu mama inayosimama kati ya vyuma vya kompyuta na programu nyingine zote. Kazi yake inafanana na ya karani wa ghala, kwa maana ndio unaoamua programu ipi ipewe nafasi kwenye kumbukumbu, ipi itangulie kutumia prosesa, yaani kile kijisehemu kinachopiga hesabu zote, na faili lipi likae wapi kwenye diski, wala hakuna programu inayoruhusiwa kuingia ghalani na kujichukulia. Kwa kuwa kila mfumo una namna yake ya kupokea maombi hayo, programu iliyotungwa kwa ajili ya mmoja haifanyi kazi kwenye mwingine bila ya mkalimani, na ugumu karibu wote wa kuchagua unatokana na jambo hilo moja. Mifumo inayofikiriwa kwa kompyuta za mezani na za mapajani ni minne: Windows; macOS, ambayo kihalali hukaa kwenye mashine za Apple tu; Linux, ambayo kwa hakika ni ukoo wa mifumo mingi yenye kiini kimoja; na ChromeOS ya Google, inayomtosha mtu ambaye kazi zake zote hufanyikia ndani ya kivinjari na ambaye intaneti yake haikatiki, sharti ambalo kwa kaya nyingi za Afrika Mashariki bado ni zito.

Mabishano kuhusu mifumo hii hayapishani sana na ya mashabiki wa Simba na Yanga: kila upande una historia ya ushindi wa kusimulia, na hakuna anayetoka kijiweni akiwa amebadilisha timu. Upungufu wake ni kwamba huanzia kwenye jina la mfumo, ilhali mtumiaji hafanyi kazi na mfumo bali na programu, na mfumo mzuri kuliko yote hauna faida kwa mtu ambaye programu inayomlisha haimo ndani yake. Mhasibu anayetumia TallyPrime, programu ya vitabu vya hesabu iliyoenea katika maduka na ofisi nyingi za ukanda huu, ana jibu lake tayari, kwa sababu programu hiyo imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Msanifu wa matangazo anayeshinda kwenye Photoshop anaweza kuchagua kati ya Windows na macOS, lakini Linux haimo katika hesabu yake, kwani Adobe haikuwahi kuitolea toleo la mfumo huo. Ipo programu iitwayo Wine, iliyoanzishwa mwaka 1993, ambayo hufanya ule ukalimani uliotajwa na kuwezesha baadhi ya programu za Windows kufanya kazi ndani ya Linux. Hata hivyo ukalimani huo huenda vizuri kwa programu hii na kugoma kwa ile, na si busara kuweka mishahara ya wafanyakazi juu ya jambo ambalo huenda likagoma mwisho wa mwezi.

Mwalimu, mwandishi, mwanafunzi au mwenye ofisi ndogo ya kuchapa barua yuko huru zaidi. Kazi zake nyingi hufanyika kwenye kivinjari, ambacho ni kilekile katika mifumo yote, na zilizobaki zinaweza kufanywa na LibreOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi unaopatikana bure kwa Windows, macOS na Linux na unaofungua nyaraka za Microsoft Word na Excel. Neno kufungua hapa lisisomwe kama kufungua bila kasoro. Hati iliyoandikwa kwa herufi za Calibri, ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na herufi hizo, hupewa herufi za badala. Jedwali linaweza kusogea, ukurasa wa tatu ukaanzia mahali pengine, na tasnifu iliyopangwa kwa sentimita ikaonekana imevurugika mbele ya msimamizi. Anayepeleka kazi iliyokamilika huikwepa adha hii kwa kuituma katika umbo la PDF, lakini wawili wanaorekebishiana hati moja kila siku watafanya vyema kutumia programu moja.

Mifano miwili kutoka Ulaya inaonyesha jambo hili kwa kipimo kikubwa. Jiji la Munich nchini Ujerumani liliamua mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuhamia Linux, likakamilisha kazi hiyo mwaka 2013 kwa kompyuta zinazokaribia 15,000, kisha mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura ya kurudi Windows. Mabishano kama kilichokwamisha ni teknolojia au siasa hayajaisha, ingawa malalamiko ya wafanyakazi kuhusu nyaraka zisizoelewana na za ofisi za nje yalisikika mara nyingi. Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lilipita njia nyingine. Lilianza mwaka 2005 kwa kubadilisha programu za ofisi tu, likiziweka juu ya Windows ileile, mwaka uliofuata likabadilisha kivinjari na programu ya barua pepe, na mwaka 2008 ndipo lilipoanza kubadilisha mfumo wenyewe, wakati ambapo askari walikuwa wamekwisha kuzizoea programu zote walizozikuta upande wa pili. Makumi ya maelfu ya kompyuta za jeshi hilo zingali zikitumia Linux. Tofauti ya matokeo ya taasisi hizi mbili haiwezi kuelezwa yote kwa mpangilio wa hatua, lakini mtu wa kawaida anayetaka kuhama anaweza kuiga utaratibu wa askari hao bila gharama yoyote: aweke LibreOffice kwenye Windows yake, aitumie miezi miwili, na aone kama anasumbuka.

Baada ya programu, kinachoamua ni mashine iliyopo mezani, na hapo Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, imewakwaza wengi. Inadai kumbukumbu ya angalau gigabaiti 4, ingawa kwa kiasi hicho kompyuta hutambaa na gigabaiti 8 ndizo za kutegemewa. Inadai nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, kijisehemu cha kutunzia funguo za siri kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa bidhaa za Intel, ukiacha chache, huanzia kizazi cha 8 kilichoingia sokoni mwaka 2017. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo au katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi ni za vizazi vya kabla ya hapo. Mnunuzi anaweza kukitambua kizazi bila fundi kwa kusoma namba ya prosesa: ile iliyoandikwa i5-6300U ni ya kizazi cha 6, na i5-8250U ni ya kizazi cha 8. Wapo mafundi wanaojua kuliruka sharti hilo na kuiweka Windows 11 kwenye mashine isiyostahili, lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine hizo zitaendelea kupokea masasisho, na mteja aliyeuziwa hivyo amepewa paa lisilo na misumari. Kwa mtumiaji wa nyumbani asiyetaka kubadilisha chochote kwa haraka, kampuni hiyo iliongeza muda wa masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye akaunti ya Microsoft.

Kompyuta ya namna hiyo, nzima lakini iliyoachwa nje ya orodha, ndiyo inayoifaa Linux kuliko zote. Kiini cha mfumo huo kilianza kutungwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Watu wengi wanaosema hawajawahi kuitumia Linux wanayo mfukoni, kwa kuwa Android imejengwa juu ya kiini hichohicho. Kwa kompyuta, watunzaji mbalimbali hukichukua kiini hicho na kukifungasha pamoja na programu nyingine. Mafungu yanayomfaa anayeanza ni Linux Mint, ambayo sura yake haimshangazi aliyezoea Windows, na Ubuntu, iliyoasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambayo jina lake la Kinguni lina shina lilelile la neno utu. Ubuntu hutoa kila baada ya miaka miwili toleo linalotunzwa kwa miaka mitano, hivyo toleo la Aprili 2024 lina masasisho hadi 2029, nalo Linux Mint 22 limejengwa juu yake. Zaidi ya hayo, mfumo huu unaweza kuwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na kwa njia hiyo mwenye kompyuta akahakikisha kwamba Wi-Fi inashika, sauti inatoka na printa inachapa kabla hajafanya uamuzi wowote. Ubovu hujitokeza zaidi kwenye vifaa vya pembeni, kama vile visoma alama za vidole na baadhi ya printa, ambazo watengenezaji wake hawakujisumbua kuzitungia programu ya kuziunganisha na Linux.

Kuhusu macOS maelezo ni mafupi zaidi, kwa sababu anayeichagua anachagua mashine na mfumo kwa pamoja. Tangu Novemba 2020 Apple imekuwa ikitumia prosesa zake yenyewe, zinazokula umeme kidogo mno kiasi kwamba betri humaliza siku ya kazi, jambo ambalo mahali penye mgao wa umeme si la anasa. Bei ni ya juu, kumbukumbu haiwezi kuongezwa baada ya kununua, na mnunuzi wa mtumba ana tahadhari ya pekee: toleo liitwalo Tahoe, la mwaka 2025, ndilo la mwisho kuzikubali Mac zenye prosesa za Intel, kwa hiyo Mac ya Intel inayouzwa kwa bei ya kuvutia inauzwa ikiwa imebakiza miaka michache.

Suala la usalama hupotoshwa na dhana kwamba kuna mfumo usioshambuliwa. Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilifunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 duniani na kudai fidia, ikasimamisha kazi katika hospitali kadhaa za Uingereza; Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya tundu hilo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla, na walioumia ni wale ambao hawakuipakua au waliokuwa na mifumo iliyokwisha kuzeeka. Katika ukanda huu masasisho huzimwa kwa sababu inayoeleweka, kwani yanaweza kula gigabaiti kadhaa za bando kwa mkupuo. Windows inaruhusu mtandao wa simu utajwe kuwa ni wa kupimwa, na hapo hupunguza upakuaji hadi kompyuta ifike mahali penye mtandao wa bei nafuu. Mpangilio huo ni bora kuliko kuzima. Hatari kubwa zaidi iko kwenye kile ambacho mafundi wa mitaani hukiita kupiga Windows, pale mfumo unapowekwa bila leseni na kuamshwa kwa programu ya wizi ambayo, ili ifanye kazi, humtaka fundi azime kwanza kinga ya virusi. Mwenye kompyuta hulipa pesa kidogo na kuondoka na mashine ambayo mlango wake umefunguliwa na mtu asiyemjua, ilhali kwa gharama ileile ya ufundi angeweza kuwekewa Linux iliyo halali.

Hata hivyo fundi mwenyewe ni sehemu ya hesabu. Katika mji mdogo ambako wote wanaotengeneza kompyuta wanaijua Windows peke yake, anayechagua mfumo mwingine anakubali kuwa fundi wa nafsi yake, na msaada atakaoupata mtandaoni kwa sehemu kubwa utakuwa wa Kiingereza. Juhudi za kuziba pengo hilo la lugha si za jana: mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na Microsoft nayo ikatoa vifurushi vya Kiswahili miaka iliyofuata. Vilitumika kwa uchache kuliko vilivyostahili, pengine kwa sababu mafunzo yote ya kompyuta yaliendelea kutolewa kwa maneno ya Kiingereza, na aliyefundishwa hivyo alipotea alipoyakuta kwa lugha yake.

Mfumo wowote utakaochaguliwa, mafaili ndiyo yasiyoweza kununuliwa tena. Kabla ya kuhama hunakiliwa yote kwenye diski ya nje iliyopangwa kwa mtindo wa exFAT, ambao Windows, macOS na Linux zote huusoma na kuuandikia, kwa maana ule wa NTFS unaopendelewa na Windows husomwa na macOS bila ya kuandikiwa. Kisha diski hiyo huchomekwa kwenye kompyuta nyingine, mafaili kadhaa yakafunguliwa na kukaguliwa, na baada ya hapo ndipo fundi anapoambiwa afute.