Kiungulia: usiilaumu pilipili peke yake

Basi la kutoka Dar es Salaam likisimama Somanga, abiria hushuka mbiombio. Samaki wa kukaanga, mhogo, pilipili, soda baridi. Dakika chache tu honi inalia. Kila mtu anarudi kitini tumbo limejaa, anajikunja na kusinzia. Kabla ya Nangurukuru kuna anayecheua uchachu na kujishika kifua.

Kiungulia cha siku moja si ugonjwa. Kikirudi kila wiki, au kikikuamsha usiku, hapo ndipo pa kuanza kuhesabu. Na wenye nacho ni wengi: makadirio ya dunia yanawaweka kwenye asilimia 13 hadi 14 ya watu wazima.

Chini ya umio upo msuli unaofunguka kupitisha tonge, kisha ukajifunga. Ukilegea, au tumbo likijaa likabanwa, tindikali hupanda juu. Tumbo lina ute mzito wa kulikinga. Umio hauna kinga ya namna hiyo, ndiyo maana unaungua.

Kitambi hubana tumbo, sigara na pombe hulegeza msuli. Msimu wa mabibo, wanywaji wa uraka, pombe ya mabibo hayo, wanalijua hilo asubuhi. Wajawazito nao hupata shida, kwa homoni na kwa mtoto anayesukuma kutoka chini. Lakini huku Kilwa na Lindi mimi naitazama zaidi saa ya kula. Mvuvi wa dagaa hukesha baharini na taa zake, alfajiri anarudi na njaa, anajaza wali na mchuzi wa nazi, kisha huyoo kitandani. Mwezi wa Ramadhani daku nzito hufuatwa na usingizi vilevile. Funga haina kosa hapo. Pilipili huwachoma wengine, na wengine wala hawaisikii.

Kwenye duka la dawa nako kila moto wa kifua utaambiwa ni vidonda vya tumbo. Vidonda vingi huletwa na bakteria waliowapa Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005, au na dawa za maumivu kama diklofenaki. Antibayotiki za kuua bakteria hao si tiba ya kiungulia.

Kula kidogo, saa tatu kabla ya kulala. Lala ubavu wa kushoto. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, kiinuke sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hukunja tumbo tu. Punguza kitambi.

Ila chakula kikikwama kooni, ukitapika damu, ukipata choo cheusi au ukikonda bila sababu, usimalizane na muuza dawa: nenda Hospitali ya Kinyonga kama uko Kilwa, au ya Sokoine kama uko Lindi mjini. Na maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi huku jasho likikutoka yanaweza kuwa ya moyo. Hayo hayangoji kuche.